Maepo Yasiyo na Mwegea

Nilipoolewa Vudee, kwenye milima ya Upare, nilikabidhiwa vitu vitatu: jiko, jembe na miti minne ya maepo. Jiko nililizoea, jembe nililijua tangu kwetu Kileo, kule tambarare, lakini ile miti nusura inirudishe kwa mama yangu kabla sijamaliza mwaka.

Vitabuni wanaandika matufaha. Sisi mlimani tuliyaita maepo, na ya kwetu yalikuwa na historia yake. Mwaka wa Uhuru watu wengi walipanda mti wa kumbukumbu, huyu mkaratusi, yule mparachichi. Baba mkwe wangu hakutaka kufanana na mtu. Alikuwa amepewa epo moja na muuguzi wa Kizungu pale misheni, akalila lote akabakiza mbegu, akazifunga kwenye leso, na bendera ilipopandishwa akazifukia nyuma ya nyumba. Alitangaza kwamba katika nchi huru Wapare nao watakula tunda la Wazungu. Miti ilichukua miaka mingi kuzaa, na ilipozaa, maepo yalikuwa madogo kama ndimu na makali kuliko ndimu. Bwana shamba alikuja akamweleza kwamba epo halipandwi kwa mbegu. Huunganishwa kwa kijiti cha mti mzuri, na ukipanda mbegu utapata chochote Mungu atakachoamua. Baba mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema yeye anayapenda hivyohivyo. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akimaliza hata moja.

Wezi hawakuyagusa. Mbuzi waliyanusa wakaondoka. Nyani walitoka msituni siku moja, wakayaonja, wakayatupa kuelekea nyumbani, na mama mkwe akaapa kwamba walikuwa wanatulenga.

Na kazi yake! Mti wa epo umezoea nchi za baridi kali, ambako majani hudondoka yenyewe, mti ukalala, kisha ukaamka na kuchanua. Vudee kuna baridi ya kutosha kumtoa mtu wa Kileo machozi, lakini haiutoshi mti huo. Kwa hiyo inabidi uudanganye. Unapanda juu na kung'oa majani yote kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka mti ubaki uchi, ndipo unadhani baridi imepita na unatoa maua. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa wiki ya pili ya ndoa yangu. Mama mkwe alinionyesha mti wa kwanza akasema, "Mwanangu, toa majani yote, lisibaki hata moja." Nilidhani ananipima akili. Jirani mmoja aliyepita njiani alisimama akaniuliza kama nimegombana na mume wangu. Nilimjibu vibaya, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na maneno yale yakafika jikoni kwa mama mkwe kabla sijashuka mtini.

Mume wangu hakuwepo kunitetea. Alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, akipata likizo mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo niliishi na wakwe zangu. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kunyooka, mrefu, mwenye koti moja jeusi na maneno machache. Kwa mwaka mzima wa kwanza nadhani aliniambia sentensi kumi, na tano kati ya hizo zilikuwa "Marahaba."

Wenyeji waliniambia kwamba hakuwa hivyo zamani. Ujanani alikuwa bingwa wa dengelua, ile pombe ya miwa ya Wapare, na mama mkwe alikuwa mpishi wake. Halafu uamsho ukapita mlimani, watu wakatubu wakilia, na baba mkwe akatubu kuliko wote. Alisimama kanisani akataja dhambi zake kwa mpangilio mpaka watu wakaanza kuangalia jua. Akatupa kata zake za kunywea. Mtungi mkubwa wa kupikia dengelua mama mkwe aliuokoa kwa kusema kwamba atawekea maharage. Tangu siku hiyo baba mkwe alikaa benchi la mbele kabisa, la wazee wa kanisa, na sijaona mtu aliyependa kiti kama alivyopenda lile benchi. Alikuwa akiliwahi kabla ya kengele ya kwanza.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililotuponza. Dengelua huamshwa na tunda la mwegea. Unalikausha, unalikata vipande, unavitia kwenye maji ya miwa, na baada ya siku chache maji yanaanza kuchemka bila moto. Bila mwegea hakuna dengelua. Kila mtu alijua. Ndiyo maana uamsho ulipokuja, watu walichoma vipande vyao vya mwegea uwanjani pa kanisa, na kuanzia hapo ikawa imekubalika Vudee nzima, kwa mchungaji na kwa waumini, kwamba kinywaji kisichotiwa mwegea si pombe. Hakuna aliyekaa akaandika sheria hiyo. Ilikuwa tu inajulikana, kama inavyojulikana kwamba maji hushuka.

Mwaka ninaousimulia ni wa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nina mtoto wa kike wa miezi mitatu. Kabla yake nilizaa mwingine, wa kiume, akakaa wiki mbili akaenda. Hakuwa amebatizwa. Walimzika nyuma ya migomba, kengele haikupigwa, na mchungaji alikuja kunipa pole kama jirani tu, bila joho. Sikumsamehe mtu yeyote kwa hilo, hata mimi mwenyewe. Kwa hiyo huyu wa pili alipozaliwa nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba abatizwe, na abatizwe upesi. Mchungaji alisema baba wa mtoto awepo. Mume wangu akaandika kwamba amepewa likizo ya siku chache, Jumapili moja tu imo. Jumapili hiyo ikapangwa. Mama mkwe akashona gauni jeupe kutoka kwenye shuka jipya. Kwa utaratibu wa kanisa letu, mzazi aliyetengwa na Meza ya Bwana hawezi kuleta mtoto kubatizwa mpaka amalize adhabu yake na kurudi kundini. Nililijua hilo, lakini sikuliwaza. Mimi nitengwe kwa kosa gani?

Wiki hiyohiyo ya ubatizo kulipangwa msaragambo. Huo ni utaratibu wa Wapare wa kufanya kazi pamoja: baragumu inapulizwa alfajiri, kila nyumba inatoa watu, na kazi inakwisha kwa siku moja. Safari hii ilikuwa kuchimba mfereji wa kutoa maji kwenye ndiva, lile bwawa letu la umwagiliaji, kuyapeleka kwenye shamba jipya la kijiji. Na kwa desturi, nyumba iliyo karibu na kazi ndiyo inayowanywesha watu. Zamani walinyweshwa dengelua. Baada ya uamsho wakanyweshwa uji, na tangu hapo mifereji ya Vudee ikawa inachimbwa kwa uchungu.

Katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti, ambaye alikuwa Mkatoliki na mtu wa utani, alisema, "Nyumba ya karibu ni ya mzee wa kanisa. Basi jamani, tujiandae kwa uji." Watu wakacheka. Baba mkwe akasimama. Alisema nyumba yake haitatoa uji. Itatoa kinywaji kitamu, cha matunda ya Uhuru, kisicho na dhambi ndani yake. Kisha akakaa, akarudi nyumbani, akatuambia mimi na mama mkwe kwamba tumepata kazi.

Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kumi na moja kwangu.

Tulikuwa na siku kumi na mbili. Mwaka huo miti ilikuwa imezaa kama imerogwa. Matawi yaliinama mpaka chini. Nilichuma kwa matenga. Niliyaponda maepo kwenye kinu kwa mchi, nikayatia kwenye gunia la katani ambalo mume wangu alikuwa ametuletea kutoka shambani, nikalisokota mpaka mikono ikawa ya moto. Maji yake yalitoka ya rangi ya chai ya rangi, makali na matamu kwa pamoja. Tulihitaji chombo kikubwa. Mama mkwe akamwaga maharage kitandani kwake, akauosha ule mtungi mara mbili, akaupanga karibu na figa, kwa sababu ya baridi.

"Mama, hayataharibika siku zote hizo?" nilimuuliza.

"Yataharibika na nini? Kwani umetia mwegea?"

"Sijatia."

"Basi."

Siku ya tatu mtungi ulianza kuvuma. Niliweka sikio nikasikia kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Nikamwita mama mkwe. Aliinama, akasikiliza, akafunua jani la mgomba lililokuwa juu. Povu jeupe lilikuwa limepanda hadi shingoni mwa mtungi.

"Yana homa," alisema. "Matunda ya baridi yakiwekwa karibu na moto yanapata homa. Itashuka."

Kweli ilishuka, siku ya nane hivi. Kila asubuhi nilionja kata moja kuhakikisha hayajaharibika, na kila asubuhi niliona yamepungua utamu kidogo na kuongeza uzuri. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Nilifagia uwanja nikiimba. Nilimsalimia yule jirani wa siku ya majani na kumuuliza habari za watoto wake, mmoja mmoja. Niliwaza kwamba hatimaye nimeuzoea mlima.

Jumanne baragumu ilipulizwa. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, Wakatoliki na Walutheri, nadhani nusu yao kwa ajili ya kumcheka baba mkwe. Mchungaji alikuja na jembe lake, akaomba, akakunja mikono ya shati. Saa nne tukatoa mtungi, watu wanne wakiubeba, nikaanza kugawa kwa kata.

Kata ya kwanza walikunywa kwa adabu. Wakatazamana. Kata ya pili waliipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliinywa yake yote bila kupumua, akafuta midomo, akamwambia baba mkwe, "Mzee, nilikukosea. Mbele ya wote hawa nasema nilikukosea." Baba mkwe akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akilisubiri neno hilo. Mchungaji alikunywa mbili, akasema kwamba Bwana amewajalia watu wake tunda la ajabu na kwamba ni vibaya kuliacha lioze. Akaomba ya tatu, kwa ajili ya kiu.

Kazi ilikwenda kwa kasi ambayo sijaiona tena. Majembe yalipanda na kushuka kwa pamoja. Waliimba pambio, kisha pambio likaongezewa makofi, kisha mzee mmoja akatia mstari wa wimbo wa zamani, wa enzi za dengelua, na wote wakaujua. Aliyekuwa ameshika kamba ya kunyooshea mfereji aliikabidhi kwa mwenzake ili acheze kidogo. Mwenzake akaifunga kiunoni akacheza nayo. Kufikia saa nane mchungaji alikuwa amesimama juu ya rundo la udongo akihubiri habari za Yona, na alipofika kwa samaki alilia, akashuka, akamkumbatia mwenyekiti na kumwambia kwamba mbinguni hakutakuwa na mlango wa Walutheri na mlango wa Wakatoliki. Mwenyekiti naye akalia. Baba mkwe alikaa kwenye jiwe akitabasamu. Meno yake nilikuwa siyajui. Niliyaona siku hiyo.

Jumatano Vudee iliamka kichwa kikiuma. Wakaenda kufungua maji. Maji yalishuka vizuri, yakapinda kushoto mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kupinda, yakazunguka mti mmoja karibu mzunguko mzima, kisha yakaacha shamba la kijiji upande wa kulia na kwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku la mchungaji. Mama mchungaji alitoka akakuta kuku juu ya paa.

Ndipo minong'ono ikaanza. Kufikia jioni neno lenyewe lilikuwa limeshatamkwa, na Alhamisi baraza la wazee wa kanisa likaitwa. Mimi na mama mkwe tukaitwa pia, na mtungi.

Njiani nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Sasa nililiwaza lile la kutengwa. Nani aliponda? Mimi. Nani alikamua? Mimi. Wakisema ni pombe, mpishi wake ni mimi, na aliyepika pombe anatengwa miezi sita. Jumapili ingepita, mume wangu angerudi kwenye mkonge, na mtoto angebaki bila ubatizo mpaka likizo nyingine. Usiku alikuwa amekohoa mara mbili. Nilizihesabu.

Barazani walikuwa wazee saba na mchungaji. Hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni, kwa sababu wote walikuwepo Jumanne. Mchungaji alifungua kwa sala fupi, akasema swali ni moja: kinywaji kile kilikuwa nini? Mama mkwe akasimama na kusema wazi kwamba hakikutiwa mwegea. Nyuso zikang'aa. Mzee mmoja akasema basi shauri limekwisha. Mwingine akaunga mkono kabla hajamaliza. Lakini mchungaji, ambaye kuku wake walikuwa bado wanagoma kushuka, alisema tumsikilize mjuzi.

Mjuzi alikuwa bibi mmoja mzee sana, ambaye kabla ya uamsho ndiye aliyewafundisha wanawake wa Vudee kupika dengelua. Waliingia naye wakimshika mikono. Tulimwamkia wote, "Shikamoo bibi," hata mchungaji, akaitikia mara moja kwa wote. Wakampa kata kutoka kwenye mabaki ya mtungi. Akaonja. Akafumba macho. Akaomba tena. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema hana hakika, akapewa ya tatu.

"Hii haina mwegea," alisema.

"Amen!" wakasema wazee.

"Lakini ni pombe," alisema bibi. "Tena nzuri."

 Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa itakuwaje pombe bila mwegea. Bibi akauliza ilipikwa kwenye mtungi gani. Wakausogeza. Aliupapasa tumbo, akatia pua ndani, na uso wake wote ukalegea.

"Huu naujua," alisema. "Huu umekunywa dengelua miaka ishirini, wajukuu zangu. Imo ndani ya ngozi yake. Mlidhani maharage yatauosha?"

Mama mkwe alijifunika mtandio usoni. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na nilipomuuliza miaka mingi baadaye alisema na yeye hakujua.

Basi wazee wakashauriana, na ushauri wao ulikuwa wa haraka. Waliokunywa walikunywa bila kujua, kwa hiyo hawana kosa. Hilo lilipita bila mtu kupinga. Lakini pombe imepikwa katika nyumba ya Mkristo, na pombe haijipiki. Mchungaji akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, ni nani aliyeitengeneza.

Nilianza kusimama. Nilitaka kusema kwamba ni mimi, na kwamba wao wote wamekunywa na kushukuru, na kwamba mtoto wangu hana kosa, na mengine mengi ambayo yangenitenga mwaka mzima badala ya miezi sita. Lakini mama mkwe alikuwa ameikalia kanga yangu, na nilipovuta haikutoka.

Baba mkwe akasimama.

"Ni mimi," alisema.

Mzee aliyekuwa karibu naye aliachama mdomo. Katika Vudee yote hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona baba mkwe akiingia jikoni. Maji ya kunywa aliletewa. Siku mama mkwe alipougua malaria alikula ndizi mbichi kwa sababu hakujua moto unaanzia wapi.

"Wewe, mzee?" mchungaji aliuliza.

"Mimi."

"Uliyapondaje?"

Baba mkwe alifikiri. "Kwa jembe."

"Kwa jembe."

"Niliyalimalima hivi. Yakalainika."

"Na maji yake uliyatoaje?"

Alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo inayojua. "Nilikamua," alisema. "Kama ng'ombe." Akaonyesha kwa vidole, polepole, hewani, epo moja likikamuliwa kama chuchu. Bibi mjuzi alitoa sauti kama kikohozi. Hakuna mwingine aliyethubutu.

"Mke wa mwanao hakukusaidia?"

"Yeye ana mtoto mchanga," alisema baba mkwe. "Atapata wapi nafasi? Tena ni mtu wa Kileo, maepo hayajui." Halafu akaongeza, na hapo sauti yake ikakwaruza, "Andika, mchungaji. Jumapili haiko mbali."

Mchungaji alimtazama. Alikuwa mtu mwema. Ni yeye aliyekuja kwangu bila joho, na nadhani naye alikuwa hajalisahau. Aliinama akaandika. Miezi sita, mbali na Meza ya Bwana na mbali na benchi la wazee. Baba mkwe akasema asante, akachukua kofia yake, akatoka nje kabla ya sala ya kufunga.

Tukarudi nyumbani. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikasema, "Baba," nikashindwa kuendelea. Alinawa, akasema uji wa mtoto usiwe wa moto sana. Mtoto alikuwa bado hajaanza uji. Niliitikia, "Ndiyo baba," nikakimbilia jikoni nikalia mpaka mama mkwe akaniambia nitazima moto.

Mume wangu alifika Jumamosi na suti ya kuazima. Tulimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, na katikati ya kicheko akainuka, akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Jumapili kanisa lilijaa. Kila mtu alitaka kuona baba mkwe atakaa wapi. Aliwahi, kama kawaida yake, na koti lake jeusi, akalipita benchi la mbele bila kuligusa, akatembea mpaka mwisho, kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, wanakokaa waliotengwa. Walikuwepo watatu: mmoja mlevi, mmoja aliyeoa mke wa pili, na mmoja aliyempiga mwalimu wa kwaya. Wakasogea kumpa nafasi.

Mtoto wangu akabatizwa. Maji yalipomgusa kichwani alipiga kelele, na hakunyamaza. Alilia wakati wa sala, akalia wakati wa mahubiri, na tulipoitwa kwenye Meza ya Bwana alikuwa bado analia. Mume wangu na mama mkwe walikuwa wamekwisha kuingia kwenye mstari. Mzee wa zamu alinishika bega, akaninong'oneza nimwache mtoto na mtu, watu wanashindwa kusikia. Nikageuka kutafuta mtu. Ndugu zetu wote walikuwa mstarini. Waliobaki kwenye mabenchi walikuwa watoto wadogo, na kule nyuma, waliotengwa.

Nikaenda nyuma. Baba mkwe aliniona nikija akasimama kabla sijafika. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayepokea beseni la maji, na nikamweka mtoto humo. Wanaume wa rika lake hawakuwa wanabeba watoto wachanga. Hakujua kichwa kinashikwaje. Yule mlevi ndiye aliyemwonyesha.

Nikarudi mbele na mikono mitupu. Nikapiga magoti kati ya watu wema, mimi niliyeponda na kukamua, nikapewa mkate na divai. Nyuma yangu kilio kilikuwa kimekoma.

Niliporudi kwake mtoto alikuwa amelala kwenye koti jeusi, na koti lilikuwa limelowa kuanzia kifuani mpaka mfukoni.

"Baba, nipe nimchukue," nilisema.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Vizuri," alisema. "Nenda ukakae na wenzako. Mwache huyu alale."

Yule mlevi akasogea kidogo, na mimi nikakaa hapohapo.